Umeme wa jua upimwe kwa taa zinazowaka, si kwa paneli zilizofungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno juu ya namna tunavyozungumzia umeme wa jua. Habari nyingi za nishati hii zinazoandikwa magazetini huja na hesabu ya aina moja: paneli ngapi zimefungwa, megawati ngapi zimezinduliwa, kaya ngapi zimefikiwa. Sina ugomvi na furaha inayoambatana na habari hizo, kwa maana ukuaji wenyewe ni wa kustaajabisha, na nitaueleza hapa chini. Ninachokipinga ni kipimo. Paneli haimfaidishi mtu kwa kuwapo tu juu ya paa lake. Humfaidisha kwa umeme unaofika kwenye taa, redio, friji au pampu, na unaoendelea kufika mwaka wa tatu, wa tano na wa kumi. Kama tungehesabu taa zinazowaka usiku badala ya paneli zinazong'aa mchana, nadhani mambo kadhaa tungeyafanya kwa namna nyingine kabisa.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha. Mfumo wa kwanza niliofunga nyumbani ulikuwa na paneli moja ya wati 100 na betri ya maji ya volti 12, yenye uwezo wa ampia-saa 100. Muuzaji alinihakikishia kwamba ungetosha matumizi yote ya kawaida, nami sikumwuliza matumizi ya kawaida ni yapi. Miezi ya mwanzo, tulipokuwa na taa peke yake, kila kitu kilikwenda vizuri. Tulipoongeza televisheni, taa zikaanza kuzimika saa nne usiku, baadaye saa tatu, na kabla mwaka wa pili haujafika katikati betri ilikuwa imekwisha kabisa. Nilimlaumu muuzaji, nikayalaumu mawingu, nikailaumu na paneli. Fundi niliyemwita hakumlaumu mtu. Alitoa kalamu mfukoni, akaniuliza tunawasha nini na kwa saa ngapi.

Hesabu yake ilikuwa ya darasa la tano. Taa 5 za wati 7 zikiwaka kwa saa 5 hula wati-saa 175. Televisheni ya wati 60 ikiwashwa kwa saa 4 hula 240. Redio na kuchaji simu vilitufikisha kwenye 460 hivi kwa siku. Kwa upande wa mapato, paneli ya wati 100 mahali panapopata mwanga unaolingana na saa 5 za jua kamili haitoi wati-saa 500 kama mtu anavyoweza kudhani. Ukiondoa kinachopotea kwa joto, vumbi, waya na betri yenyewe, kinachobaki ni 350 au pungufu. Kila siku, basi, tulikuwa tukitoa zaidi ya tulichoweka. Betri ya maji kama ile yetu, yaani ya madini ya risasi na asidi, ikikaa muda mrefu bila kujaa, fuwele za salfeti hugandamana kwenye bamba zake na kuwa ngumu, na kadiri siku zinavyopita sehemu inayoweza kupokea chaji huzidi kupungua. Betri yetu haikufa kwa uzee, ilikufa kwa njaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sikuwa nimefikiri kwamba hata mwanga unahitaji daftari.

Paneli, kwa upande wake, haikuwa na kosa lolote. Ingali juu ya paa hadi leo, ikifanya kazi ileile na betri nyingine. Jambo hili ndilo wanunuzi wengi hawaelezwi: sehemu za mfumo mmoja hazina umri mmoja. Paneli nzuri hupoteza takriban nusu asilimia tu ya nguvu yake kila mwaka, na watengenezaji wengi huidhamini kwa miaka 25. Betri ya risasi na asidi inayotunzwa vizuri huenda miaka mitatu hadi mitano, na inayotunzwa vibaya haimalizi hata miwili. Haipendi kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake, kwa hiyo ile betri yangu iliyoandikwa namba inayofanya wati-saa 1,200 (volti 12 mara ampia-saa 100) ilikuwa, kwa matumizi ya busara, betri ya wati-saa 600. Betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti zinavumilia kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake na kujazwa tena mara maelfu, na bei yake imeshuka sana katika miaka kumi na mitano iliyopita, ingawa bado kuinunua kwa mara ya kwanza kunauma kuliko ile ya maji. Anayelinganisha bei za dukani ataichukua ya maji. Anayegawanya bei kwa miaka ya matumizi huenda akabadili mawazo.

Sasa niseme juu ya ukuaji. Kwamba mwanga unaweza kuzaa umeme lilikuwa jambo lililogunduliwa mapema, mwaka 1839, na Mfaransa Edmond Becquerel. Ilipita zaidi ya karne kabla ya maabara za Bell nchini Marekani kuonyesha, mwaka 1954, seli ya silikoni iliyogeuza asilimia 6 hivi ya mwanga kuwa umeme. Miaka minne baadaye seli kama hizo zilikuwa angani kwenye satelaiti ya Vanguard 1, na kwa muda mrefu mahali pake palikuwa huko, kwa kuwa hakuna mtu wa kawaida aliyeweza kuzinunua. Kilichozishusha kutoka angani hadi kwenye mapaa yetu ni mchanganyiko wa sera na viwanda. Japani ilianza kusaidia kaya kufunga paneli katika miaka ya 1990, Ujerumani ikapitisha sheria mwaka 2000 iliyomhakikishia mwenye paneli bei ya umeme wake kwa miaka 20, na soko hilo likaipa China sababu ya kujenga viwanda vikubwa kuliko mtu alivyotazamia. Leo zaidi ya asilimia 80 ya kazi katika kila hatua kuu ya utengenezaji wa paneli hufanyika China, jambo lenye faida kwa bei na lenye wasiwasi wake kwa nchi zinazotegemea mlango mmoja. Tangu katikati ya miaka ya 1970 bei ya paneli kwa kila wati imepungua kwa zaidi ya asilimia 99, na paneli za kawaida za sasa hugeuza zaidi ya asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme.

Matokeo yake yanaonekana katika tarakimu. Mwaka 2000 dunia nzima ilikuwa na uwezo wa umeme wa jua wa gigawati 1 na ushei. Mwaka 2012 ikavuka 100. Mwaka 2022 ikavuka 1,000, na ilipofika 2024 ilikuwa imevuka 2,000. Maana yake ni kwamba gigawati 1,000 za kwanza zilichukua karibu miaka 70 tangu ile seli ya Bell, na za pili zikachukua miaka miwili tu. Wanaosema kuwa kutengeneza paneli kunakula nishati kuliko inayotolewa na paneli yenyewe wanarudia hoja iliyopitwa na wakati: kwa kawaida paneli ya sasa hurudisha nishati iliyotumika kuitengeneza ndani ya mwaka mmoja au miwili, kisha hufanya kazi ya faida kwa miongo miwili na zaidi.

Kuna nusu ya pili ya habari hii ambayo haisimuliwi mara nyingi. Kilichoufanya umeme wa jua uingie katika nyumba ndogo si bei ya paneli peke yake, bali pia taa. Balbu ya zamani ya wati 60 ingehitaji paneli na betri kubwa mara saba au nane kuliko zinazohitajika na taa ya LED ya wati 7 au 8 yenye mwanga uleule. Wanasayansi watatu waliofanikisha LED ya buluu, ambayo bila hiyo tusingepata taa nyeupe za aina hii, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na mimi naiona kuwa tuzo ya sola pia, hata kama kamati haikusema hivyo. Funzo lake kwa mwenye nyumba ni la moja kwa moja: wati-saa ya bei nafuu kuliko zote ni ile usiyoihitaji. Kabla ya kuongeza paneli, tazama friji kuukuu, feni ya zamani na televisheni inayokula umeme hata ikiwa imezimwa kwa rimoti.

Faida za nyumbani nadhani wasomaji wanazijua, nami sitazirefusha. Kibatari huleta moshi, huunguza watoto na kuchoma nyumba, na mwanga wake ni hafifu kiasi kwamba mtoto hulazimika kuinamia daftari kama anayenusa wino. Taa ya umeme wa jua imeondoa hayo kwa gharama inayoweza kulipwa kidogo kidogo kwa simu, na kwa wengi wa wale wanaozidi milioni 600 duniani ambao bado hawana umeme, njia hii itawafikia kabla ya nguzo na nyaya za gridi. Hata hivyo lazima tuwe wakweli. Mfumo mdogo wa nyumbani haupiki. Watu zaidi ya bilioni 2 bado wanapika kwa kuni, mkaa na nishati nyingine chafu, na moshi wa jikoni unaua watu wengi kuliko ule wa taa. Anayetangaza kwamba taa tatu na sehemu ya kuchajia simu zimemaliza tatizo la nishati katika nyumba amesahau kuchungulia jikoni. Jiko la umeme hutaka wati 1,000 na kuendelea, na hilo ni jambo la mifumo mikubwa au ya gridi ndogo za pamoja.

Kwa jamii kwa ujumla, mfano ninaoupenda kuliko yote ni friji ya chanjo. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi zinaharibika, na baadhi yake zikiganda zinaharibika pia. Zamani zahanati zisizo na umeme zilitumia friji za mafuta ya taa au gesi, ambazo ni ngumu kuzidhibiti na huhitaji mafuta kila mara. Zikaja friji za sola zenye betri, nazo zikaanguka kwa sababu ileile iliyoiangusha taa yangu: betri zilikufa na hakukuwa na fungu la kununua nyingine. Ndipo wahandisi wakaiondoa betri kabisa. Friji za kisasa za aina hiyo huunganishwa moja kwa moja na paneli, hugandisha barafu au kupooza akiba nyingine ya baridi jua linapowaka, na akiba hiyo huilinda chanjo usiku na siku za mawingu, kwa siku tatu au zaidi. Tazama hekima yake: hawakuhifadhi umeme, walihifadhi kile ambacho umeme ulikuwa unatafutwa kukifanya.

Pampu ya maji ya sola hufuata fikra hiyohiyo. Jua likiwaka pampu hujaza tangi lililo juu, na usiku maji hushuka yenyewe. Tangi ni betri isiyojua salfeti. Hatari yake iko upande mwingine. Mwenye pampu ya dizeli huizima kwa kuogopa gharama ya mafuta, lakini mwenye pampu ya sola hana linalomlazimisha kuizima, na mahali ambapo mashamba mengi hunywea kisima kimoja au mwamba mmoja wenye maji, maji ya chini ya ardhi yanaweza kushuka haraka. Pampu hizo zitolewe pamoja na mita za maji na makubaliano ya watumiaji, tena kabla ya kisima kukauka.

Kwa walio tayari kwenye gridi, paneli juu ya paa hupunguza bili na, zikiwa na betri na inveta inayofaa (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa ule unaotumiwa na vyombo vya nyumbani), huokoa jioni ya mgawo. Nchini Australia takriban nyumba moja kati ya tatu ina paneli, na huko wamekutana na tatizo ambalo nchi nyingine zitalifikia: umeme unafurika mchana na kupungua jioni, wakati watu wanaporudi nyumbani na kuwasha kila kitu. Mimi naunga mkono mwenye paa kulipwa kwa umeme anaoupeleka kwenye gridi, mradi malipo yafuate thamani ya saa anayoupeleka, na mpangaji asiye na paa asiachiwe peke yake gharama ya kutunza nyaya.

Nirudi kwenye uimara, kwa kuwa ndiyo hoja yangu. Mifumo mingi haifi kwa ajali kubwa, hufa kwa mambo madogo ambayo fundi aliyefunzwa angeyaona kwa dakika kumi. Nguvu ya paneli hupimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi 25, lakini juu ya bati, jua la saa sita, seli hizo hufika 60 au zaidi, na kila nyuzi inayozidi hula kati ya asilimia 0.3 na 0.4 ya nguvu. Paneli iliyolala juu ya bati bila nafasi ya hewa chini yake inapika umeme wake yenyewe; ikiinuliwa kiasi cha kiganja tu, hali hubadilika. Kivuli cha tawi moja kinachofunika seli chache kinaweza kukata sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima, kwa kuwa seli zimeungwa kama watu walioshikana mikono, na mmoja akisimama wote wanavutwa. Waya mwembamba mrefu, katika mfumo wa volti 12, humeza umeme njiani na kupata moto. Fyuzi iliyobadilishwa kwa kipande cha waya hungoja siku ya kuunguza nyumba. Paneli inayokaa na vumbi la miezi mitatu inafanya kazi chini ya uwezo wake, na dawa yake ni maji na kitambaa laini asubuhi kabla kioo hakijapata joto.

Juu ya hayo kuna udanganyifu wa madukani. Niliwahi kuonyeshwa paneli iliyoandikwa wati 200 ambayo ukubwa wake ulikuwa chini ya nusu ya mita ya mraba. Hesabu haikubali: mwanga kamili wa jua ni takriban wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri hutoa tano moja ya hizo au zaidi kidogo, kwa hiyo kipande kile kisingezidi wati 100 au 110 hata kikijitahidi. Mnunuzi mwenye futi ya kupimia mkononi ana kinga kuliko mwenye karatasi ya dhamana ya duka litakalofungwa mwakani. Mamlaka za viwango zina orodha za kimataifa za vipimo, zikiwamo za IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme: IEC 61215 kwa uimara wa paneli na IEC 61730 kwa usalama wake. Kinachokosekana mahali pengi ni mtu wa kuzikagua bidhaa bandarini na sokoni.

Kisha liko jambo la betri zilizokufa, ambalo halipati nafasi ya kutosha magazetini. Risasi iliyomo ndani yake inaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena karibu yote, na kiwandani, penye vichujio na mavazi ya kinga, hiyo ni kazi ya maana. Nyuma ya nyumba, kwenye moto wa wazi, ni sumu. Asidi humwagwa chini, moshi wa risasi hutua kwenye udongo ambao watoto huuchezea, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Itakuwa aibu tukiondoa moshi wa kibatari ndani ya nyumba na kuleta vumbi la risasi uani. Kila anayeuza betri angepaswa kulazimika kuipokea ile iliyokufa, akampunguzia mnunuzi bei, na kuifikisha mahali palipoidhinishwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa wanaopanga miradi, ni dogo na linaweza kuanza wiki hii. Mwandishi wako atakapokwenda kwenye uzinduzi wa paneli za shule, zahanati au kijiji, aulize maswali matatu: nani atalipia betri itakapokwisha, fundi wa karibu anakaa umbali gani, na taasisi hiyo imetenga fungu gani la matengenezo kila mwaka. Halafu gazeti liweke tarehe hiyo kwenye kalenda, lirudi baada ya miaka mitatu bila kutangaza, tena lirudi usiku, na litueleze limekuta taa ngapi zinawaka. Habari hiyo nitainunua hata ikiwa imewekwa ukurasa wa mwisho.

Wako,
Msomaji wako wa siku nyingi